Gombo Moja, Mikono ya Wanawake Sita

Oktoba 2010 jumuiya ya Kiyahudi ya Kadima, mjini Seattle, ilikamilisha gombo la Torati lililoandikwa na wanawake sita, wengine wakiishi Marekani, wengine Kanada, Brazil na Israeli. Kitabu kisichovumilia hata herufi moja iliyoharibika kiliandikwaje na watu waliotengwa na bahari?

Kwanza, gombo ni vipande vingi vya ngozi ya mnyama halali, vilivyoshonwa kwa kano. Pili, mwandishi haruhusiwi kutegemea kumbukumbu. Hunakili kutoka kielelezo kilichopangwa safu kwa safu, kwa kawaida mistari 42 kila safu, hivyo aliye Brazil akifika mwisho wa kipande chake, aliye Kanada anajua neno la kuanzia.

Ugumu uko mkononi. Mistari hukwaruzwa kwenye ngozi bila wino, na herufi huning'inia chini yake badala ya kukaa juu kama tulivyozoea shuleni. Herufi zote za gombo ni 304,805, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kugusa jirani yake. Kalamu ni unyoya wa bata bukini au bata mzinga. Wino huchemshwa kwa vinundu vya mwaloni, salfeti ya chuma na gundi ya mgunga, gundi ambayo huku Kenya hukusanywa Turkana na Samburu.

Kosa la kawaida hukwanguliwa kwa kisu. Jina la Mungu halifutwi kamwe. Likikosewa, kipande kizima huondolewa na kuhifadhiwa hadi kizikwe. Tena kabla ya kuliandika, mwandishi hutamka kwamba analiandika kwa ajili ya utakatifu wa Jina hilo. Asipofanya hivyo gombo ni batili, ingawa hakuna jicho litakaloiona kasoro hiyo. Msomaji hukagua herufi, lakini nia ya mwandishi anaiamini tu.

Ndiyo maana marufuku ya jadi dhidi ya wanawake kuandika Torati haikuhusu mwandiko wao. Talmudi, kitabu cha sheria za Kiyahudi, inasema asiyewajibika kufunga tefilini, vile visanduku vya maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani wakati wa sala, asiandike pia. Wanaowatetea wanawake hujibu kwamba aliyejitwika wajibu huo kwa hiari ameingia katika sharti lilelile. Naiona hoja hiyo kuwa nzito, kwa sababu haikulegeza kanuni hata moja ya ufundi. Wayahudi wengi wa Kiorthodoksi bado wanaikataa. Hata hivyo Aviel Barclay alihitimu kuwa mwandishi wa magombo mwaka 2003, na mwaka 2007 Jen Taylor Friedman alimaliza gombo zima peke yake.

Sisi wa Cheptais tusidhani haya ni ya mbali. Vuka mpaka wa Uganda pale Lwakhakha, uzunguke Mlima Elgon hadi Mbale, na huko Nabugoye utawakuta Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Rabi wao, Gershom Sizomu, alitawazwa Marekani mwaka 2008 katika mkondo wa Kiyahudi unaowakubali wanawake kuwa marabi.

Binti wa Nabugoye akitaka kazi hii, ng'ombe na mbuzi wapo, na gundi iko Kenya. Anachohitaji zaidi ni kukaa kando ya mwandishi mzoefu kwa miaka. Mahali pazuri pa kuanzia ni gombo la Esta: wapo wanazuoni wa kale walioruhusu mwanamke aliandike, na kwa kuwa halina Jina la Mungu, kila kosa la mwanagenzi linaweza kukwanguliwa.