Maana ya Wimbo Kinywani mwa Mwimbaji wa Kwaya

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutazama wimbo kana kwamba ni shairi lililokawia kupigwa chapa. Maneno hunakiliwa, beti huhesabiwa, mizani hupimwa, kisha dhamira hutajwa. Sauti iliyoyabeba maneno hayo huachwa nje ya ukurasa. Jambo hili ni la ajabu katika lugha ambayo Kaluta Amri Abedi, katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), alisisitiza kuwa shairi lake sharti liimbike. Makala haya yanakusudia kuichunguza fikra ya mtu ambaye ni nadra kuulizwa: mwimbaji wa kwaya. Je, nyimbo azipendazo humwambia nini, na maelezo yake yana uzito gani mbele ya mhakiki?

Mfano wa kwanza ni Wimbo wa Taifa wa Kenya. Inafahamika kwamba lahani yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, wakazi wa kingo za Mto Tana, na kwamba maneno yake ya sasa yalitungwa na kamati ya watu watano mnamo mwaka 1963. Mhakiki anayesoma maneno peke yake ataona sala katika ubeti wa kwanza, wito wa kusimama imara na kutumikia nchi katika ubeti wa pili, na wito wa kujenga pamoja na kushukuru katika ubeti wa tatu. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Aliyewahi kuuimba kwa sauti nne hujua kwamba lahani haigeuki amri inapofika kwenye wito. Maneno huwataka watu wainuke, ilhali sauti ingali inabembeleza.

Je, hii ni kasoro ya utunzi? Mtu angeweza kudai kwamba lahani na maneno vimetofautiana. Hata hivyo, mwimbaji ana jibu ambalo karatasi haina. Wimbo wa kubembeleza kwa kawaida una mwimbaji mmoja na msikilizaji mmoja, na msikilizaji huyo bado hajayajua maneno. Anachopokea ni sauti tu. Wimbo wa Taifa, kinyume chake, huimbwa na wote waliopo, wala hakuna aliyebaki kuwa msikilizaji. Anayebembeleza ndiye huyo huyo anayebembelezwa. Kwa hiyo upole wa lahani haupingani na wito. Unaonyesha kwamba taifa linajiasa lenyewe kama mzazi anavyomwasa mwanawe. Maana hii haimo katika neno lolote moja, bali imezaliwa pale maneno mapya yalipovikwa lahani ya kale.

Mfano wa pili unaleta tatizo zito zaidi. Tenzi ya John Newton, ijulikanayo kwa Kiingereza kama *Amazing Grace*, hupendwa na kwaya nyingi za Afrika ya Mashariki. Ilitolewa kitabuni mwaka 1779 bila lahani ambayo watu wengi wanaijua leo. Maneno na lahani hiyo vilikutanishwa Marekani mwaka 1835. Newton alikuwa nahodha wa majahazi ya watumwa. Tena aliendelea na biashara hiyo kwa miaka kadhaa baada ya dhoruba ya mwaka 1748 ambayo yeye mwenyewe aliihesabu kuwa mwanzo wa kuongoka kwake. Maandishi yake ya kuishutumu biashara hiyo hadharani yalitoka mwaka 1788. Katika tenzi yenyewe nafsi inayosema ni moja tu, nayo hushukuru kwa kuokolewa kwake. Waliofungwa minyororo chini ya sitaha hawatajwi.

Sasa wimbo huo uimbwe Mombasa, karibu na Frere Town, mahali palipoanzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na ambapo kengele yake ingali inakumbukwa katika jina la Kengeleni. Ni kweli kwamba Newton alifanya biashara yake upande wa magharibi wa bara, na kwamba waliofikishwa Frere Town walikuwa wametekwa na kusafirishwa na watu wengine. Hata hivyo, neno "mimi" haliwezi kubaki lile lile. Linapotamkwa na watu arubaini kwa pamoja, wengine wao wakiwa wa vizazi vya waliouzwa, nafsi ya nahodha huondoka na nafasi yake hutwaliwa na abiria ambao hakuwataja. Mhakiki akishikilia kwamba maana ni ile aliyoikusudia mtunzi peke yake, itambidi aseme kwamba waimbaji hao wamekosea. Ukweli ni kwamba wamemjibu mtunzi kwa maneno yake mwenyewe.

Hii haina maana kwamba kila asemalo mwimbaji likubaliwe. Mapenzi ya lahani huweza kuziba masikio. Mistari mingi ya tenzi za Kiingereza humalizikia kwenye silabi yenye mkazo, na mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake, katika tafsiri nyingi noti nzito huiangukia silabi dhaifu. Katika lugha ambayo "barabara" ya kupitia magari na "barabara" ya kusema sawasawa hutofautishwa kwa mkazo tu, kosa hili si dogo. Mwimbaji aliyeuzoea wimbo tangu utotoni hasikii upungufu huo, na hapa mhakiki ana haki ya kumsahihisha. Lakini naye awe na hadhari: mashairi ya mapokeo, yaimbwapo, nayo huweza kuivuta silabi ya mwisho ili kina kisikike. Kinachopasa kulaumiwa ni lahani inayomfanya msikilizaji asilitambue neno.

Inafuata kwamba mwanafunzi anayetumwa kukusanya nyimbo asirudi na maneno matupu. Alete lahani, kwa solfa au kwa ukanda wa sauti. Aandike ni nani aliyeimba, wapi, na mbele ya nani. Kisha amwulize mwimbaji wimbo una maana gani kwake. Jibu atakalopewa si hukumu ya mwisho, bali ni ushahidi, na mhakiki atakayeupuuza atakuwa amehukumu kesi kabla ya kumsikiliza shahidi aliyekuwapo.