Mizani ya Imamu: dhahabu ya Nairobi, almasi za kukopa na nyumba za mawe

Ukitoka Ngara kwa miguu kuelekea mjini, ukapita Globe, unafika kituo cha matatu kinachoitwa Khoja. Makanga hulitaja jina hilo kutwa bila kulitazama jengo lililolizaa: jamatkhana, nyumba ya ibada ya mawe iliyofunguliwa na Waismailia mwaka 1922. Jamaa hao hao ndio waliomkalisha Imamu wao, Sultan Mahomed Shah, Aga Khan wa Tatu, kwenye mizani hapa Nairobi tarehe 1 Machi 1937, wakampima kwa dhahabu kuadhimisha jubilei ya uimamu wake.

Kisa hiki husimuliwa kama kioja cha anasa ya Kihindi. Msimulizi hucheka, hutaja unene wa Imamu, kisha hupita. Hesabu zake hazifanywi, nazo ndizo zinazoonyesha kwamba shughuli ile ilisanifiwa kwa akili kuliko karibu kila kito ambacho wafalme wa India walikuwa wakiagiza Paris wakati huo.

Tuanze na dhahabu. Mwaka mmoja kabla ya Nairobi, Januari 1936, Imamu alikuwa amepimwa Bombay, na mizani ikasoma takriban ratili 220. Kwa wepesi wa hesabu tuseme kilo 100. Sonara yeyote wa Biashara Street atakugeuzia hizo kwa tola: tola moja ni gramu 11.66, kwa hiyo ni kama tola 8,570. Bei ya dhahabu enzi hizo ilikuwa karibu pauni 7 kwa wakia. Zidisha, unapata kati ya pauni 22,000 na 23,000, yaani shilingi za Afrika Mashariki zisizopungua 440,000. Ni fedha nyingi, lakini si za kutisha zikigawanywa kwa maelfu ya wenye maduka kutoka Kisumu hadi Lindi.

Sasa angalia ukubwa wake. Dhahabu ni nzito mno. Kilo 100 zake, zikiyeyushwa, zingejaa mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano na kubaki kidogo tu. Hili ni tatizo la kweli kwa mwandaaji wa sherehe ya uwanjani: mtu mzima yuko upande mmoja wa mizani, na upande wa pili kuna rundo la vipande ambalo aliyeketi safu za nyuma hatalitofautisha na matofali machache. Kwa hiyo mizani yenyewe ndiyo ilibidi ifanye kazi ya kuonekana. Desturi ya kumpima mkubwa kwa dhahabu ni kongwe India. Wafalme wa Kimughal walipimwa hivyo, kisha mali ile ikagawiwa watu. Waismailia waliichukua sura hiyo, ila walibadilisha kinachotokea baada ya mizani kutulia.

Kabla ya kufika huko, tuwatazame wakuu wenzake Imamu. Aga Khan hakuwa na dola ya kutawala, ingawa Waingereza walimhesabu miongoni mwa wakuu wa India na kumpa heshima ya mizinga 11. Wenye dola walikuwa wakifanya nini na fedha zao? Bhupinder Singh wa Patiala alipeleka masanduku ya vito Paris, na mwaka 1928 Cartier wakamkabidhi mkufu wenye almasi 2,930, katikati yake jiwe la karati 234 na ushei. Tukoji Rao Holkar wa Tatu wa Indore alinunua kwa Chaumet, mwanzoni mwa miaka ya 1910, almasi mbili zenye umbo la pea, karati 46 na ushei kila moja. Mwanawe, Yeshwant Rao wa Pili, alivuka kutoka vito hadi usanifu wa kisasa. Alikutana na Mjerumani kijana, Eckart Muthesius, wakati wa masomo yake Oxford, akampa kazi ya jumba la Manik Bagh. Kati ya 1930 na 1933 Muthesius alichora kila kitu, taa na vitasa vikiwemo. Ndani kukaingia samani za Ruhlmann, kiti cha Eileen Gray, kiti cha kulalia kilichosanifiwa na Le Corbusier na wenzake, kitanda cha chuma na kioo cha Louis Sognot na Charlotte Alix. Kwa Brancusi maharaja alinunua sanamu tatu za ndege, moja ya shaba nyeusi na mbili za marumaru, nyeupe na nyeusi, akaagiza na hekalu la kuziweka.

Mimi naipenda Manik Bagh. Hakuna nyumba ya gavana yeyote katika makoloni yetu iliyothubutu kiasi hicho. Lakini tufuate fedha. Hekalu halikujengwa: Brancusi alisafiri hadi Indore majira ya mwisho wa 1937, akarudi mikono mitupu. Almasi mbili zilinunuliwa na Harry Winston wa New York mwaka 1946. Mkufu wa Patiala ulipotea kwenye hazina ya familia karibu na 1948, na lile jiwe kubwa likaibuka peke yake kwenye mnada wa Geneva mwaka 1982. Samani za Manik Bagh zilipigwa mnada Monaco mwaka 1980, na jumba lenyewe likawa ofisi ya ushuru. Fedha zilizoingia kwenye vitu hivyo zilibaki ndani yake hadi siku ya kuuzwa, na aliyefaidi ongezeko la thamani mara nyingi hakuwa mwenye mali wa kwanza.

Turudi kwenye mizani, sasa ya almasi. Jubilei ya miaka 60 ya uimamu ilisherehekewa mwaka 1946 mara mbili: Bombay tarehe 10 Machi, Dar es Salaam tarehe 10 Agosti. Wakazi wa Dar bado wanasema wanaenda harusini Diamond Jubilee, ule ukumbi wa Upanga uliobeba jina la sherehe hiyo. Takwimu za Bombay ndizo zinazojulikana zaidi: ratili 243 na nusu, thamani takriban pauni 640,000.

Hapo ndipo mthamini wa vito anapaswa kushtuka. Ratili 243 na nusu ni kilo 110 na ushei. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Basi kwenye mizani zilikuwapo karati zaidi ya 550,000. Gawanya pauni 640,000 kwa idadi hiyo: kila karati inatoka pauni moja na shilingi tatu hivi. Hiyo si bei ya almasi ya pete. Ni bei ya almasi ghafi za daraja la chini, zile za viwandani zinazotiwa kwenye misumeno ya vyuma na ncha za kutobolea miamba, ambazo vita vilivyokuwa vimekwisha mwaka uliotangulia vilizitafuna kwa wingi. Kilo 110 za mawe ya aina ya yale ya Indore hazijawahi kuwapo pamoja mahali popote duniani. Almasi zote mbili za Tukoji Rao hazikufika hata gramu 19.

Wala almasi zile hazikununuliwa. Zilikopwa kutoka kwa wafanyabiashara wa almasi wa London, zikapimwa, zikarudishwa. Waumini walichanga fedha taslimu kwa kiwango cha thamani ya mawe, na fedha hizo ndizo alizokabidhiwa Imamu. Jiwe lilikuwa kipimo tu.

Kuna mtu ataliita hilo udanganyifu. Naliona kinyume chake. Waumini wangezinunua almasi hizo za pauni 640,000, wangelipa faida ya mfanyabiashara wakati wa kununua, wangepoteza tena wakati wa kuuza, na kati ya hapo wangelipia bima na walinzi. Kwa kukopa, gharama ilibaki ya usafirishaji na bima ya siku chache. Na kwa macho ya uwanjani almasi ni bora kuliko dhahabu: ni nyepesi zaidi ya mara tano kwa ujazo ule ule, kwa hiyo kilo 110 zinakuwa rundo la kuonekana, visanduku juu ya visanduku, vyenye pande za kuona ndani. Tatizo la mtungi wa lita tano lilikuwa limetatuliwa.

Zile fedha taslimu zilikwenda wapi? Mfano wa kwanza ulikuwa wa 1937. Mwaka ule wa dhahabu, kampuni ya bima ya Jubilee ilianzishwa Mombasa, na jina lake halihitaji maelezo. Baada ya almasi ikaja taasisi ya uwekezaji, Diamond Jubilee Investment Trust, ambayo leo Wakenya wanaijua kama benki ya Diamond Trust. Kazi yake ilikuwa kukopesha vyama vya ushirika vya jamaa, navyo vikawakopesha wanachama wajenge nyumba au wakuze biashara. Mkopo ukirudi, ulitoka tena kwa mwingine. Muumini aliyechangia shilingi 200 angeweza, miaka michache baadaye, kukaa mezani akiomba mkopo uliotokana na shilingi zile zile, na riba aliyolipa ikamjengea mwenzake.

Umuhimu wake unaeleweka ukijua masharti ya wakati ule. Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba kwenye nyanda za juu za Wazungu. Mjini aliwekewa mitaa yake: Ngara, Parklands, Pangani, Eastleigh. Mabenki makubwa yalimtazama mwenye duka dogo kwa jicho la pembeni. Fedha yake ilikuwa na njia mbili tu za wazi, bidhaa na mawe ya nyumba. Ndiyo maana mitaa hii ilijengwa kwa mawe ya kijivu ya Nairobi, kipande kwa kipande, duka chini na familia juu.

Tembea Ngara na River Road ukiwa umeinua macho juu ya mabango ya simu na mitumba. Utaona roshani zenye kona za mviringo, mistari mitatu ya plasta inayozunguka jengo, madirisha ya fremu za chuma, na juu kabisa mwaka wa ujenzi na pengine jina la mwenyewe vilivyofinyangwa kwa saruji. Ni mtindo ule ule Muthesius aliokuwa akiufuata Indore, isipokuwa hapa haukuja na mchoraji kutoka Berlin. Ulifika kupitia majarida, sinema, na mafundi wa Kihindi waliojua kuchonga jiwe kabla hawajaona kiti cha Le Corbusier. Mviringo wa roshani ulikuwa rahisi: ubao wa kalibu, nondo chache, saruji. Hakuna jengo moja la Ngara linaloweza kushindana na Manik Bagh kwa uzuri, na hilo nalikiri bila kinyongo. Ila majengo haya yalilipiwa kwa kodi ya pango, na mengi bado yanalipisha.

Aga Khan huyo huyo aliinyoosha mbinu yake nje ya Waismailia. Katika East African Muslim Welfare Society, iliyoundwa Mombasa mwaka 1945, aliahidi shilingi kwa kila shilingi ambayo Waislamu wengine wangeitoa, na misikiti na shule zikajengwa kwa mpango huo. Chuo cha Kiislamu cha ufundi cha Mombasa, ambacho sasa ni Technical University of Mombasa, kilipata mchango wake mkubwa. Hapa pia hakutoa fedha mpaka mwenzake aweke yake kwanza. Kufikia jubilei ya miaka 70, Karachi, Februari 1954, mizani iliwekewa platinamu kidogo tu ya ishara. Mashine ya mikopo ilikuwa tayari imejaa, haikuhitaji uzito kamili.

Lakini mbinu hii ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mlinzi. Mkopo wa ushirika ulikuwa wa mwanachama mwenye kiwanja cha kuweka rehani. Hatua chache kutoka Ngara kilikuwapo kijiji cha Waafrika cha Pangani, chenye nyumba za udongo na mabati ambazo wenyewe walizijenga na kupangisha vyumba, wengi wao Waislamu wazungumzaji wa Kiswahili. Biashara yao ilikuwa ile ile ya wenye majengo wa Ngara: chumba, mpangaji, kodi ya mwezi. Kilichokosekana ni hati ya ardhi. Miaka miwili baada ya dhahabu kupimwa Nairobi, mwaka 1939, manispaa ilimaliza kukibomoa kijiji na wakazi wakahamishiwa Shauri Moyo.