Natur: Muziki Usio na Maneno na Kazi ya Mwalimu wa Kiswahili

Yako maoni yaliyoenea miongoni mwetu walimu kwamba muziki usio na maneno haumhusu mwalimu wa lugha. Taarabu tutaichambua na utenzi tutaukariri. Lakini mlio mtupu, twasema, waachiwe wapiga ala. Katika makala haya tunakusudia kuyapinga maoni hayo. Mfano wetu ni albamu iitwayo Natur, ya Mkenya Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, iliyotolewa mwaka 2024 na kampuni ya Touch ya Uingereza.

Msanii huyu ni mjukuu na somo wa Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Babu alikuwa mtu wa maneno: aliasa, alikejeli, aliwasema wakubwa. Mjukuu hasemi neno. Je, ameuacha urithi wake? Sisi tunaona kwamba hakuuacha. Babu aliwataka watu wasikilize yasemwayo. Mjukuu anawataka wasikilize yale wasiyojua kwamba yanasikika.

Tuanze na maudhui. KMRU alihama Nairobi akaenda Berlin, na kazi hii inailinganisha miji hiyo miwili kwa sikio. Nairobi nyaya za umeme zimening'inia juu ya vichwa vya watu, na transfoma huvuma usiku kucha. Berlin nyaya nyingi zimefukiwa ardhini, na mtaa hunyamaza. Lakini kunyamaza huko ni kwa juu tu. Umeme unapopita katika waya huzaa uga wa sumaku ambao sikio haliwezi kuupokea. Msanii ametumia vinasa vyenye koili, ambavyo huunasa uga huo na kuugeuza kuwa sauti. Ndiyo maana neno natur, yaani maumbile kwa Kijerumani, lina kinaya ndani yake: maumbile ya mjini ni pamoja na umeme.

Kwa upande wa fani, albamu nzima ni kipande kimoja cha dakika zipatazo 52. Hakina ubeti wala kiitikio. Mikwaruzo ya umeme yafuatwa na mvumo mzito, mvumo huinuka na kutua, na mahali pengine msikilizaji hawezi kupambanua waya na mdudu. Hapa ndipo tunapouona ustadi wa kazi hii. Kiswahili kilikwisha kuliona jambo hilo zamani, kwa maana kitenzi chetu ni kimoja: upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, hata sifa za mtu huvuma.

Msomaji wa Kampala ana sababu ya pekee ya kuisikiliza kazi hii. Hapa Ntinda muziki tunaoufahamu zaidi una msemaji. Katika Kituo cha Ndere, makao ya kikundi kilichoanzishwa mwaka 1984, ngoma huchezwa na asili yake huelezwa, na mgeni huondoka akijua alichokiona. Tena kampuni ya muziki wa elektroniki ya papa hapa Kampala ilijipa jina la Kiswahili, Hakuna Kulala, na santuri zake nyingi zinalistahili jina hilo. Natur haimwelezi msikilizaji wala haimchezeshi. Inamtaka atulie, na kutulia siyo kulala.

Hata hivyo kazi hii haikosi kasoro. Kwanza, haina kituo. Msikilizaji mgeni hapewi mahali pa kupumzika wala pa kurejea. Katika Peel ya mwaka 2020 msanii huyu alikuwa mpole zaidi, na anayeanza tungemshauri aanze huko. Pili, sauti za chini hupotea kabisa katika spika ndogo ya simu, nayo ndiyo chombo cha wanafunzi wetu walio wengi. Muziki unaodai vyombo vya bei ghali huchagua wasikilizaji wake, na hilo ni la kusikitisha kwa kazi inayohusu nyaya za kila mtaa.

Lakini faida yake kwetu ni kubwa. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo wazee wengi nchini humu walikisikia kwanza katika amri za askari: simama, kaa chini, lete. Lugha iliyoingia kwa kelele inahitaji kufundishwa kwa utulivu. Mwanafunzi akisikilizishwa dakika tano tu za Natur kwa spika nzuri, kisha akaulizwa amesikia nini, ataanza kwa kusema "kelele". Kazi ya mwalimu ni kumtoa hapo na kumpeleka kwenye mngurumo, mkwaruzo, mchakacho, mnong'ono, mtutumo na mwangwi. Maneno hayo yamo katika kamusi zetu, lakini madarasa yetu huyapita kwa sababu hatuna tunachokisikiliza.

Kwa hiyo tunaipendekeza Natur kwa walimu wenzetu. Haitamfundisha mwanafunzi neno hata moja. Itamwonyesha ni maneno mangapi anayoyahitaji.