Moto Mdogo, Mafuta Machache

Mwenye ngozi ya mafuta hana pa kujificha Kilosa mwezi wa pili. Mji umekaa bondeni kando ya Mto Mkondoa, joto linatua hapo, na paji la uso likifutwa kwa leso halichukui muda kung'aa tena. Mikumi, kwenye barabara kuu ya Iringa, vumbi la malori nalo linatafuta pa kunata. Wengi hukimbilia sabuni kali. Mimi ninamsifu fundi wa njia ndefu, yule anayepika majani kwa mvuke mpaka apate mafuta ya kupaka.

Vifaa vyake ni pipa lenye mfuniko, wavu wa kuinua majani yasiguse maji, bomba lililozungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi, na chupa ya kupokelea. (Ndiyo, ni ukoo mmoja na mtambo wa gongo, na mjumbe wa mtaa akiuona atakuwa na maswali.) Majani ni ya uani: mchaichai wa kutia kwenye chai, au kivumbasi cha kufukuzia mbu. Mchaichai huvunwa umande ukishakauka, ukaachwa kivulini unyauke kidogo, kisha ukakatwakatwa.

Baada ya hapo ni kukaa na moto. Ukiwa mkali, maji hurushwa hadi kwenye bomba na mafuta yakatoka na harufu ya kuungua. Maji ya ndoo yakipata joto, mvuke hutoroka na kila kitu. Kwa hiyo fundi hushika bomba kwa mkono pale linapotokea. Likiwa la moto, hupunguza kuni na kubadili maji. Kinachonifurahisha ni kwamba mafuta haya hayangoji kuchemka kwake. Eugenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, peke yake huchemka kwenye nyuzi zipatazo 254, lakini ikiandamana na mvuke husafiri kabla hata ya nyuzi 100.

Chupani, mafuta ya mchaichai huelea juu ya maji. Ya karafuu ni mazito: Pemba, wanakopika makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, huyatafuta chini. Na ni machache. Kilo 100 za mchaichai mbichi mara nyingi hazitoi hata nusu kilo.

Aliyeyapata kwa jasho hilo anatamani kuyapaka yalivyo, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi mchanganyaji. Usoni inatosha asilimia 1, yaani matone 6 kwenye mililita 30 za mafuta mepesi. Mchaichai huwasha, kwa hiyo matone 4, karafuu matatu. Mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa bila moto yanafaa kuchanganyia, na ufuta unalimwa Kilosa kwenyewe. Ya nazi, pamoja na sifa zake zote, huweza kuziba vitundu vya ngozi ya namna hii.

Ndimu ina ujuzi wake. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda huifanya ngozi iungue juani na kubaki na mabaka. Yaliyopikwa kwa mvuke karibu hayana kiini kinacholeta madhara hayo. Muuzaji asiyejua yake yalipatikanaje, usimpe uso wako.

Upole huu wa mafuta machache una ushahidi. Mwaka 1990, watafiti wa Australia walilinganisha jeli ya mafuta ya mti wa melaleuka na dawa ya benzoili peroksaidi, zote za asilimia 5, kwa watu 124 wenye chunusi. Zote zilisaidia, melaleuka ilichelewa, ila ilisumbua ngozi za watu wachache zaidi. Nigeria nako, mafuta ya ndugu wa kivumbasi chetu yalijaribiwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: asilimia 2 ilifanya kazi vizuri, asilimia 5 ikawasha. Chunusi kubwa zenye usaha na maumivu, hata hivyo, ni za daktari.

Mchanganyiko mpya hupakwa kwanza ndani ya mkono, ukasubiriwa siku nzima. Wakati huo fundi ana kitu kingine cha kutumia: maji yaliyobaki chini ya mafuta ya mchaichai, yenye harufu yake kwa mbali, ya kulowesha pamba na kujifutia mchana. Bila friji huharibika mapema, basi ni bora kuwagawia majirani yangali mabichi.