Utepe wa nta

Kinyama kilichotolewa kwenye kidonda cha ngozi hakizidi punje ya mtama. Kimelala ndani ya formalini, kikatolewa maji kwa alkoholi, kikazikwa ndani ya nta ya moto. Sasa nta imeganda, imepozwa juu ya barafu, na fundi wa maabara ameketi mbele ya mikrotomu.

Anazungusha gurudumu taratibu. Kila mzunguko wembe unamenya tabaka la mikroni 4. Unywele mmoja ungetoa zaidi ya kumi. Matabaka yanashikana ncha kwa ncha mpaka yanakuwa utepe. Nta ikigoma, anaisogelea na kuihemea pumzi ya joto, kisha anaendelea. Pumzi hiyohiyo ikiupata utepe, umepeperuka! Anauelekeza juu ya maji ya vuguvugu, mikunjo inajinyoosha, anauopoa kwa slaidi kutoka chini. Hematoksilini, rangi itokanayo na moyo wa mti wa Amerika ya Kati, itatia viini vya seli zambarau. Eosini itamaliza kwa waridi.

Mashine zinazotazama ndani ya ngozi kwa mwanga, bila kuikata, nazo, nakiri, ni maajabu. Hadubini ya konfokali humulika ngozi kwa leza na kuonyesha seli palepale, bila ganzi wala mshono. Ila huishia kina cha kama robo milimita. Tomografia ya mwanga hufika milimita 1 hadi 2, lakini huko seli mojamoja hazisomeki vizuri. Na kwa mtu mwenye ualbino aliyefika kliniki ya ngozi, tuseme ya hospitali ya KCMC, Moshi, kidonda mara nyingi kina gamba gumu, na mwanga hutawanyika humo kabla haujafika penye shida.

Kwa hiyo mwanga husaidia kuamua pa kukata, au kumwepusha mtu na wembe usio wa lazima. Kina ni habari nyingine. Tangu daktari Alexander Breslow alipoonyesha mwaka 1970 umuhimu wa unene wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, mpatholojia huupima kwenye slaidi, na daktari wa upasuaji husubiri namba hiyo: uvimbe usiozidi milimita 1 hukatwa pamoja na sentimita 1 ya ngozi nzima kuuzunguka, ukipita milimita 2, sentimita 2.

Fundi hajui bado slaidi hii itasema nini. Anaandika namba ya mgonjwa pembeni mwa slaidi, kwa penseli, maana wino ungeyeyuka kwenye zailini.