Felix Bressart na Ustadi wa Mhusika Mdogo

Katika futuhi, yaani filamu au tamthilia iliyokusudiwa kuchekesha, kazi ya mhusika mdogo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa hupewa dakika chache tu za kuonekana, na ndani ya dakika hizo hutakiwa kumsadikisha mtazamaji kwamba ana maisha yake, hofu zake na watu wanaomtegemea. Felix Bressart aliimudu kazi hiyo kwa namna ambayo waigizaji wengi mashuhuri wa Hollywood hawakuifikia.

Alizaliwa mwaka 1892 huko Eydtkuhnen, mji wa mpakani wa Prussia Mashariki, akajulikana katika majukwaa na filamu za Ujerumani, lakini kwa kuwa alikuwa Myahudi aliihama nchi Wanazi waliposhika hatamu mwaka 1933, na hatimaye akaingia Marekani. Huko mwongozaji Ernst Lubitsch, mzaliwa wa Berlin, alimpa nafasi katika Ninotchka (1939), na mwaka uliofuata katika The Shop Around the Corner, ambamo Bressart ni Pirovitch, muuzaji katika duka moja la Budapest. Kila tajiri wa duka anapodai kuambiwa ukweli bila kufichwa, Pirovitch hugeuka mara moja na kutokomea ngazini. Mtazamaji hucheka, ingawa anayemwona akikimbia ni baba mwenye familia, asiyethubutu kuhatarisha kibarua chake. Katika filamu hiyohiyo Kralik, anayeigizwa na James Stewart, anaogopa kumtazama mwanamke aliyekuwa akiandikiana naye barua bila kumfahamu, hivyo Pirovitch anamchungulia kwa niaba yake kupitia kioo cha mkahawa. Anapotambua kuwa ni yule mfanyakazi mwenzao ambaye Kralik hugombana naye kila siku, hamwambii papo hapo, bali anaanza kwa kusema kwamba amefanana naye kidogo, kisha anamsogeza rafiki yake hatua kwa hatua hadi kwenye ukweli. Upole huo wa sauti ndio unaolibeba tukio zima.

Kilele chake ni To Be or Not to Be (1942). Bressart ni Greenberg, mbeba mkuki katika jumba la maonyesho la Warsaw, yaani mwigizaji asimamaye jukwaani bila la kusema, ambaye ndoto yake ni kuigiza Shylock, mhusika Myahudi ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kutokana na Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere. Hotuba ya Shylock anaitamka mara tatu: kwanza ikiwa tamaa ya msanii aliyesahauliwa, kisha ikiwa kilio katika jiji lililobomolewa na vita, na mwisho mbele ya sare za Kinazi, ambapo imekuwa hila ya kuwaokoa wenzake. Neno Myahudi limeondolewa katika hotuba hiyo, lakini Bressart, aliyekwisha kufukuzwa na watu wa sare hizohizo, analifanya lisikike katika kila swali.