Picha za Televisheni na Habari za Kale

Televisheni ilipoanza kuonekana Tanzania Bara mwaka 1994, ilikuwa kitu cha watu wa mjini. Leo ungo wa kunasia picha waonekana juu ya mabati ya Same mjini, na hata huko juu Mbaga na Chome, mahali ambapo zamani habari za kale zilipatikana penye moto wa jioni tu, kwa kinywa cha babu na bibi. Basi sasa babu amepata mshindani. Kijana atakaye kujua mambo ya wafalme wa zamani, miji iliyozama na majitu ya kale, hamwendei mzee; hufungua televisheni, na humo hukuta picha nzuri, ngoma za kutisha, na sauti nzito isemayo kana kwamba yajua yote. Nasi walimu twaulizwa shuleni: Yale tuliyoyaona jana ni kweli? Swali hilo si dogo, wala halijibiwi kwa ndiyo au siyo. Yafaa tuzipime picha hizo, kama mnunuzi apimavyo mahindi kabla ya kutoa fedha yake.

Kwanza tuseme wema wake, maana asiyetoa sifa mahali pake hasadikiwi atoapo lawama. Mwaka 1986 Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alionyesha picha zake katika sehemu tisa, ziitwazo The Africans: A Triple Heritage, zilizotengenezwa na BBC ya Uingereza pamoja na televisheni ya umma ya Marekani. Neno lake lilikuwa hili: ya kwamba Afrika ina urithi wa namna tatu, wa wazee wake, wa Uislamu, na wa nchi za Magharibi, na ya kuwa urithi huo mara hupatana, mara hugombana. Wengi walimpinga. Huko Marekani, mkuu wa mfuko wa serikali uliotoa sehemu ya fedha za kazi hiyo alichukizwa hata akataka jina la mfuko liondolewe. Nasi pia twaweza kumpinga katika mengine. Lakini sifa yake kubwa ni kwamba hakujificha. Alisimama mbele ya macho ya watu, akasema maoni yake kwa kinywa chake. Asemaye kwa jina lake aweza kujibiwa. Sauti isiyo na mwenyewe haijibiki.

Mwaka 1999 Profesa Henry Louis Gates wa Marekani alileta picha zake, Wonders of the African World, akafika na pwani ya Waswahili. Aliposikia watu wakijitaja kuwa wana asili ya Uajemi au Uarabuni, aliwahoji kwa mshangao, kana kwamba wanaukana Uafrika wao. Mazrui akamlaumu kwa maandishi. Ugomvi ule wa wasomi wawili ungalibaki maneno matupu, lakini mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za mifupa ya watu 80, waliozikwa katika miji ya pwani na karibu yake tangu mwaka 1250 hata 1800 hivi. Katika wengi wao waliona asili mbili: upande wa mama, wazee walikuwa hasa Waafrika, upande wa baba, wengi walitoka Asia, na zaidi Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Basi ile hadithi ya Kilwa, ya wana wa mfalme waliokuja kwa majahazi toka Shirazi, haikuwa kweli yote, wala haikuwa uongo mtupu. Iliwakumbuka akina baba, ikawasahau akina mama. Aliyeicheka alikosa, na aliyeimeza nzima alikosa vilevile.

Walakini hao wawili ni watu wa elimu. Liko kundi jingine, nalo ndilo lipendwalo na vijana. Mathalani picha za Marekani ziitwazo Ancient Aliens, zilizoanza kutolewa kwa mfululizo mwaka 2010, hudai ya kwamba viumbe toka nyota nyingine ndio waliowafundisha watu wa kale kujenga. Tazameni hila yake. Picha hizo hazisemi, Ni hivi. Huuliza, Je, haiwezekani kuwa ni hivi? Kisha baada ya kitambo hujenga juu ya swali lile kana kwamba limekwisha jibiwa. Naye ajengaye juu ya swali hujenga juu ya mchanga. Tena ugonjwa huu si mpya. Kwa habari ya kuta za mawe za Zimbabwe Kuu, Wazungu wengi walisema ni kazi ya Wafoinike au ya Malkia wa Sheba, ijapokuwa Bwana Randall-MacIver mwaka 1905, na Bibi Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba wakaona ni kazi ya Waafrika wenyewe. Jana heshima ya mafundi wetu walipewa Wafoinike. Leo wapewa watu wa nyota. Mwizi amebadili kanzu tu.

Sasa tuitazame milima yetu. Tuseme mwenye kamera amefika Same, akapanda mpaka vijiji vya bonde la Makanya, kama Bangalala. Ataona ndiva, yaani mabwawa yaliyochimbwa mlimani, yakusanyayo maji ya kijito usiku, yakafunguliwa mchana, maji yakafuata mifereji hata mashambani. Hakuna nyota iliyoshuka kuyachimba. Wazee waliyachimba kwa mikono yao, na tope huondolewa kwa msaragambo, na zamu za maji zina kanuni zake. Hapo pana historia ya kweli: akili, sheria, ugomvi wa maji na upatanisho. Lakini je, mwenye kamera atakaa hapo? Twaogopa kwamba hatakaa, maana ndiva haimtishi mtu.

Atataka apelekwe Mbaga. Huko wageni huonyeshwa mapango ya Mghimbi, wakaambiwa ya kuwa watu walijificha humo zama za kukamatwa watumwa. Kisha huonyeshwa mwamba wa Malameni, wakaambiwa ya kuwa watoto walitolewa sadaka hapo. Mgeni hustuka, huandika, hupiga picha, na jioni ile ile Wapare wamekuwa watu wa mwamba ule tu. Hatusemi habari hizo zifichwe kwa sababu ya aibu. Kuficha nako ni uongo. Twasema ziulizwe. Nani asema? Alisikia kwa nani? Ilikuwa ukoo gani, na njaa gani au tauni gani? Ukoo wa pili wasemaje? Jakob Dannholz, mmisionari wa Leipzig aliyekaa Mbaga, aliandika kitabu juu ya imani za Wapare, kikapigwa chapa mwaka 1916. Naye aitwe awe shahidi mmoja, mwenye macho ya mgeni na kazi ya kuhubiri; asifanywe hakimu. Picha itajayo damu bila kutaja shahidi imewashitaki marehemu wasioweza kujitetea, na wajukuu wao huketi mbele ya televisheni wakiisikiliza hukumu.

Njia iliyo njema ipo, na mfano wake umetoka kwetu. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliwauliza wazee wa koo mbalimbali katika miaka ya 1960, akalinganisha maneno yao, na mwaka 1969 kitabu chake cha historia ya Wapare kikatoka. Chukueni habari ya Ugweno: husimuliwa kwamba Washana, wafua chuma, walitawala kwanza, kisha wakaondolewa na Wasuya chini ya Angovi. Aliyeshinda husimulia kwa njia yake, na aliyeshindwa kwa njia yake. Mwenye kuwasikiliza wote wawili na kuhesabu vizazi hupata jambo asiloweza kulipata kwa mmoja. Tena Same yenyewe ni mahali pa historia: mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka toka milimani, wakakusanyika hapo kuipinga kodi ya mbiru. Picha moja ya jambo hilo, pamoja na mashahidi wake, ingetufaa kuliko picha kumi za mazimwi.

Basi, ndugu wasomaji, hatuwaambii mzime televisheni. Itazameni pamoja na watoto, na picha ikiisha ulizeni mambo matatu: Aliyesema ni nani? Amejuaje? Ni nani ambaye hakuulizwa? Mtoto aliyezoea maswali hayo hadanganyiki upesi, si na picha, wala na gazeti, wala nasi walimu. Tena vijana wenye simu za kunasa sauti wawaendee wazee wao katika likizo hii. Wawape salamu kwa adabu, wawasikilize bila kuwakatiza, waandike jina la mzee, ukoo, kijiji na siku, kisha waende na kwa ukoo wa pili. Kwa kazi hiyo hatuna haja ya fedha za BBC. Yahitaji miguu na subira, na wazee waliobaki si wengi.